KONA YA FUNDI: Ampli iliyobaki Kigwena

Mwezi huu tunaweka kando redio za sola, tujibu barua iliyotoka nyumbani.

Wengi wenu mnakumbuka Mei 2015, tulipokimbilia Kagunga kupitia ziwani, kisha meli ya Liemba ikatuleta Kigoma. Kila mtu alibeba alichoweza. Mzee mmoja wa Kigwena alibeba gitaa lake. Ampli yake ya zamani, ile ya valvu, ilimshinda. Transfoma zake ni chuma kitupu, mzigo mzito. Akaiacha kwa jirani. Jirani akaifunika gunia, akaisukuma chini ya kitanda, wala hakuiuza hata njaa ilipobisha hodi. Sasa kijana wa mzee amerudi kwao, kaikuta, anatuuliza: "Niichomeke tu?"

Jamani, hapana! Haraka haraka haina baraka. Sisi wenyewe tuliwahi kuamsha ampli ya namna hiyo kwa pupa siku ya harusi. Ilitoa moshi kabla bibi harusi hajafika, na transfoma ikaungua.

Kwanza, kijana wetu, soma nyuma ya boksi. Nyingine zilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti 120. Ukiipa volti 220 umeiua.

Pili, jihadhari na roho yako. Ndani ya ampli ya valvu mna volti 300, hata zaidi ya 400. Kapasita kubwa huhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Usiguze kitu kabla fundi hajaumwaga umeme huo polepole kwa rezista, akapima kwa mita na kuona umekwisha. Tumia mkono mmoja, mwingine uweke mfukoni. Watoto wakae mbali. Kama huna mita, usifungue.

Tatu, kapasita hizo hukauka kwa miaka. Ndizo zinazoleta mngurumo mzito kwenye spika. Badilisha kwa zenye volti zile zile au zaidi, wala usigeuze upande wa chanya na hasi. Unyevu wa ziwa nao hushika kutu miguu ya valvu. Isafishe kwa spiriti, iache ikauke kabisa. Valvu zenyewe usizitupe ovyo, mara nyingi bado ni nzima. Zikifa, mpya bado zinatengenezwa Urusi, China na Slovakia. Soma namba iliyoandikwa kwenye kioo, kama ECC83 au EL84, utafute hiyo hiyo.

Nne, siku ya kuiamsha, fundi apitishe umeme kwanza kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwa mfuatano kwenye njia ya umeme. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti: zima. Ukiona bamba ndani ya valvu limekuwa jekundu, zima vile vile. Na spika iwe imefungwa muda wote! Valvu zikipiga bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na kuipata nyingine ni kazi.

Gharama je? Kapasita na spiriti si kitu kikubwa. Kinachoisha ni subira.

Mzee mwenyewe bado yuko nasi hapa kambini. Tulipomsomea barua alinyamaza kitambo, akiangalia vidole vyake. Tulidhani atasema ampli iletwe huku, au iuzwe apate chochote. Akasema hivi: "Mwambieni asiiondoe pale. Ikiamka, aipige nyumbani kwa jirani. Miaka yote hii ameilinda, na hajawahi kuisikia kutoka chini ya kitanda chake."

Basi kijana, umesikia agizo la baba yako. Fanya polepole, halafu tuandikie. Tutamsomea mzee.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.