Wageni wa Maji Waje, Ila Tuwaulize Kwanza

Wiki hii naacha kidogo habari za viwavijeshi na bei ya mahindi, nizungumzie maji ya kunywa. Ukiniuliza yanamhusu nini bwana shamba, nitakujibu kwamba mama anayetoka alfajiri kufuata maji lamboni na kurudi saa nne hana palizi siku hiyo, na mtoto anayeharisha anakula pesa ya mbolea.

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani huja Tanzania kwa wingi, maana huo ndio wakati wao wa likizo. Wengine huja kupitia shirika la hapa nchini, wengine kupitia kanisa au msikiti, na mara nyingi mradi unaopendwa ni kisima. Si jambo geni. Watu wa Peace Corps ya Marekani na VSO ya Uingereza walianza kuja nchini mwaka 1961, Wajapani wakafuata mwaka 1967. Mimi siwapingi wageni hawa. Ninachopinga ni sisi wenyeji kuwapokea kwa ngoma na kuku, tukasaini karatasi bila kuuliza lolote.

Hoja ya wazee naijua, na nimeisikia mikutanoni zaidi ya mara moja: ukimuuliza mgeni sana, atapeleka kisima kijiji kingine. Ni hoja nzito kwa mtu anayekunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Lakini tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1971 Serikali ilipanga kwamba ifikapo 1991 kila Mtanzania wa kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Wafadhili walikuja wengi, na 1991 ikapita maji hayajafika. Hapa kwetu, miaka ya 1970, Ujerumani Magharibi ilitusaidia kupata lile bomba kubwa la kutoa maji mto Pangani kule Korogwe hadi Handeni, ambalo wengi tunaliita HTM. Ulikuwa msaada mkubwa kuliko kisima chochote cha vijana wenye mabegi mgongoni. Hata hivyo mitambo ilichakaa, kusukuma maji mlimani ni gharama, na madumu yakarudi kichwani. Sasa Handeni imo katika mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Nasema mkopo. Huo tutaulipa.

Kwa hiyo kukosa mfadhili halijawahi kuwa tatizo letu pekee. Tatizo ni siku pampu inapokufa.

Kijiji kimoja nilichowahi kufanyia kazi kilipewa pampu ya mkono nzuri kabisa, inayong'aa, ya aina ambayo hakuna aliyeifahamu. Ikafanya kazi msimu mmoja. Kilichoharibika kilikuwa mpira mdogo wa ndani, unaoenea kiganjani. Korogwe haukupatikana, Tanga mjini haukupatikana, na namba ya simu waliyoacha wageni haikupokelewa. Kina mama wakarudi lamboni, na ile pampu ikawa mahali pa kufungia mbuzi. Wenye maduka ya vifaa mnaosoma hapa mnajua jambo hili kuliko mimi: kitu ambacho hakina kipuri kwenye gulio si mali, ni pambo. Swali la kwanza kwa mgeni basi liwe hili: pampu hii ni ya aina gani, na kipuri chake kinauzwa duka gani? Kama hakuna duka, aombwe alete aina ambayo tayari inatumika wilayani, au azungumze na mfanyabiashara wetu mmoja akubali kuweka vipuri, naye apate faida yake halali.

Swali la pili ni la majira. Wageni huja Juni na Julai, masika yametoka kupita, malambo bado yana maji na kisima chochote ukichimba kitakuonyesha uso mzuri. Sisi taabu yetu kubwa iko Januari na Februari ikiwa vuli imekataa, na tena Septemba. Kisima kilichopimwa wingi wa maji Julai kimepimwa siku ya harusi. Na huku kwetu chini kuna chumvi. Kuna visima watu wamevisusa kwa sababu chai haichemkii sukari, wakarudi kwenye maji matamu yenye vijidudu. Sampuli ipelekwe maabara kabla ya pampu kununuliwa, si baada ya kukata utepe.

La tatu, RUWASA wa wilaya wanajua? Tangu Julai 2019 wakala huo ndio wenye dhamana ya maji vijijini, na kila mradi unatakiwa uwe chini ya chombo cha watumia maji kilichosajiliwa. Kisima kirefu pia kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Mgeni anayekwambia mambo ya vibali yatafuata baadaye, mwambie chai ipo, ila mchimbaji asije kwanza.

Sasa niseme lisilopendwa. Kijana wa miaka 19 aliyetoka mjini kwao hawezi kuchimba mtaro kumshinda kijana wa Kwaluguru, na nauli yake ya ndege kwenda na kurudi ingenunua simtanki la lita 5,000. Anayekaa wiki mbili tumwombe afanye kile ambacho hatuna: kupima maji, kufundisha hesabu za mfuko wa maji, au kutafuta fedha huko kwao. Anayekaa miaka miwili, akajifunza lugha na kuzoea ukame wetu, huyo ni mtu mwingine. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini liwe jembe analoliweza. Na watakaofundishwa ufundi wa pampu wawe angalau wanawake wawili. Vijana wa kiume tukishawafundisha huhamia Dar es Salaam na spana zao.

Kuna jambo ambalo halihitaji mgeni hata mmoja. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina mita za mraba 60. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 1,200, na ukitoa zinazopotea unabaki na 900 na zaidi, yaani madumu 45 ya lita 20. Tunaziacha zichimbe makorongo uani. Funga mfereji wa bati, acha mvua ya kwanza ioshe paa, funika chombo, na ya kunywa yachemshe.

Kuhusu pesa, tunalipa dumu la bodaboda wakati wa kiangazi bila kunung'unika, lakini mhasibu wa jumuiya ya maji akidai ya ndoo tunamwita mwizi. Kama hamna imani naye, badilisheni mhasibu, msigome kulipa. Makusanyo yasomwe kila mkutano mkuu wa kijiji na yabandikwe ofisi ya mtendaji.

Wenye visima vya asili, anzeni mwezi huu. Fungeni jiwe kwenye kamba, mpime kina cha maji kila Jumamosi alfajiri kabla watu hawajateka, mwandike kwenye daftari la shule hadi mwisho wa Februari. Mgeni akija Juni, mpeni daftari hilo alisome kabla hajafungua begi.