Dawa ya Viungo Isiuzwe Bila Cheti

Katika machimbo ya dhahabu ya Osiri Matanda, Nyatike, kaunti ya Migori nchini Kenya, ni rahisi kudhani maumivu ya viungo ni uchovu wa kazi tu. Lakini mtu anayeamka kila asubuhi vidole vimevimba na kukakamaa, wiki baada ya wiki, huenda ana baridi yabisi, maradhi ambamo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake. Vumbi la mawe yanayosagwa limehusishwa na ongezeko la maradhi hayo, na pia la kifua kikuu.

Dawa za baridi yabisi zipo, nazo hufanya kazi. Hatari ni kuzitumia kiholela.

Methotreksati, dawa kuu ya maradhi haya, humezwa mara moja kwa wiki. Wapo waliopoteza maisha katika nchi mbalimbali kwa kuimeza kila siku. Kwa hiyo daktari asiandike "kila wiki" akaishia hapo. Aandike siku yenyewe, kwa mfano Jumatatu. Mfamasia naye aitaje siku hiyo kwa Kiswahili au Dholuo, kisha amwombe mgonjwa airudie. Vidonda mdomoni, homa au michubuko isiyo na sababu ni ishara ya kukimbilia hospitali. Dawa hiyo ni mwiko kwa mjamzito na anayetafuta mimba, na pombe pamoja nayo huumiza ini.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Septrin, dawa iliyozoeleka mno ukanda huu wa ziwa, ikichanganywa na methotreksati inaweza kuzuia uboho kutengeneza damu. Mgonjwa ana wajibu wa kumwambia daktari kila anachomeza, zikiwemo dawa za virusi vya ukimwi, za kifua kikuu na za mitishamba. Kuficha kwa sababu ya aibu kunaweza kumgharimu uhai.

Prednisoloni, dawa nyingine ya viungo, hupendwa kwa kuwa hutuliza upesi. Ikitumiwa muda mrefu bila usimamizi hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na hufungulia maambukizi mlango; ikikatizwa ghafla, mgonjwa anaweza kuzimia. Diklofenaki, ya kutuliza maumivu, inaweza kuchoma tumbo na kuumiza figo, na mchimbaji anayeshika zebaki tayari amezihatarisha figo zake.

Hizi si dawa za kuuzwa vidonge vitano vitano kwenye bahasha isiyo na jina. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, ipo. Anayeuza dawa inayohitaji cheti cha daktari bila cheti hicho anavunja sheria, hata kama mnunuzi amemsihi kwa machozi. Bodi ya Dawa na Sumu iwafuate wauzaji wa aina hiyo hadi machimboni.

Lakini hatuwezi kumlaumu mgonjwa peke yake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti vituo vya afya na famasia. Serikali za Migori na Homa Bay zihakikishe vipimo vya damu, ini na figo vinapatikana karibu na wagonjwa, na dawa haziadimiki katika hospitali za umma. Mgonjwa akiambiwa dawa zimeisha, ataishia kwa muuzaji asiyeuliza swali.

Daktari aeleze, muuzaji adai cheti, kaunti itoe vipimo, mgonjwa afuate maagizo na arudi kliniki. Anayekwepa sehemu yake awajibishwe.