Sheria ya Zabuni Haitoshi Bila Desturi Njema

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika shule moja isiyo mbali na mtaa wa Donholm ninamoishi, niliteuliwa kuingia katika kamati ya ununuzi. Katika kikao changu cha kwanza tuliletewa hati tatu za bei ya maharagwe, eti za wauzaji watatu. Zote zilikuwa za mwandiko mmoja. Nilipouliza, mwenzangu aliyenizidi umri alinijibu kwa upole, "Mwalimu, hapa ndivyo tufanyavyo." Nikatia sahihi. Maharagwe yalipofika yalikuwa yametobolewa na wadudu, na magunia yalikuwa yamepunjwa. Wanafunzi waliyala.

Sikuhongwa hata senti moja, wala sikutishwa. Kilichonishinda ni desturi ya mahali.

Nchi yetu haikosi sheria za ununuzi. Tulipata kanuni mwaka wa 2001, kisha sheria kamili mwaka wa 2005. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 227, ikaagiza ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Sheria mpya ikafuata mwaka wa 2015. Hata hivyo, mwaka wa 2020, taifa likiwa katika janga la korona, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alibaini kwamba sheria hiyo ilikiukwa katika ununuzi wa vifaa vya tiba uliofanywa na KEMSA. Sheria ilikuwapo, waliopaswa kuifuata hawakuifuata.

Sababu si ngumu kuiona. Karani mpya hajifunzi kazi katika kitabu cha sheria, bali hujifunza kwa kuwatazama waliomtangulia. Akiona mkubwa wake akipokea "chai" ya mzabuni, huona hiyo ndiyo kazi. Akiuliza maswali, huitwa mjuaji. Na kwa kuwa hati hupitia mikono mingi, kila mmoja hutia sahihi akidhani mwenzake amekagua. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Lakini ngozi haivutiki ikiwa wote waliopo wanamtazama mwambaji.

Hapa Donholm wapo akina mama wauza mboga ambao hununua vitunguu kwa pamoja. Huwatuma wawili sokoni, hupima gunia mbele ya wote, na bei husomwa kwa sauti. Hakuna sheria ya Bunge iliyowalazimisha. Wamezoeana hivyo, na anayekwenda kinyume huona aibu.

Walimu wenzangu, aibu hiyo ndiyo iliyotoweka maofisini, na shuleni ndiko inakoweza kurudishwa. Yafaa bei za kila muhula zibandikwe ubaoni. Yafaa bahasha za bei zifunguliwe mbele ya kamati nzima, na mizigo ipimwe langoni wawakilishi wa wanafunzi wakishuhudia. Mwalimu mkuu naye airudishe zawadi ya mzabuni hadharani, ili wadogo wake wajue.

Nanyi wanafunzi, kesho ndinyi makarani, wahasibu na wakurugenzi. Siku mtakapoambiwa "hapa ndivyo tufanyavyo," msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Sahihi yangu ingali katika hati ile, na walioumia ni watoto niliokabidhiwa kuwalea.