Ngozi ya telefone: bei iko mu mikono ya nani?

Huku Kolwezi kuna vijana wenye wameacha kutafuta kazi ya mugodi, wananunua ordinatere ya mukono wa pili, wanajifunza kuchora « ngozi » za programu. Ngozi ni picha zenye zinafunika butoni, ikone na madirisha. Programu inabaki ileile, paka sura njo inabadilika. Ni kazi ya kweli, siichekelee. Lakini kazi yote iko na patro, hata kama haumuone.

Tuanzie kwa Winamp, ile programu ya kusikilizia muziki, mwisho wa miaka ya 1990. Dirisha yake ilikuwa na pikseli 275 kwa 116, kidogo tu, na kila butoni ulipashwa kuichora mara mbili: yenye haijafinywa na yenye imefinywa. Watu walichora maelfu ya ngozi, wakazitoa bure juu ya mapendo. Mu 1999 kampuni AOL ikanunua nyumba yenye ilitengeneza Winamp. Wachoraji hawakukaa kwa ile meza.

Kiisha soko ikaja. Mu mwezi wa tisa 2020 Apple ilitoa iOS 14. Apple yenyewe haikukuwa imefungua mulango wa kubadilisha ikone za telefone. Watu walipitia ndani ya programu ingine, Raccourcis, wakaweka picha zao pale. Muchoraji mumoja akatangaza kwamba ameuzisha ikone zake kwa zaidi ya dolare 100 000 ndani ya siku chache. Ile habari ikatembea dunia muzima. Mpaka leo kuna mutu anafundisha vijana mu mutaa wetu, anaanza kila somo na ile 100 000. Yenye hasemi ni hii: mu mwezi wa tisa 2024, na iOS 18, Apple ikawapa watu wote uwezo wa kupakaa ikone zao rangi yenye wanataka, bure. Hakuna mutu alivunja sheria. Mwenye nyumba alijenga duka mbele ya duka yako, basi.

Na kama hauuzishe peke yako, unapitia kontuari. Envato, nyumba ya Australia, kwa miaka mingi ilikamata 55 kwa mia kwa muchoraji mwenye anauzisha pia kwingine. Mwenye aliahidi kuuzisha kwao tu, walimukata 37,5 kwa mia, ikashuka mpaka 12,5 kama ameuzisha sana. Wachimbaji, munajua ile mambo: kontuari yenye inakulipa vizuri kidogo kama haupeleke mufuko kwa mwingine. Siku unagombana naye, hauko na pa kwenda. Mu 2024 Shutterstock ikanunua Envato kwa dolare milioni 245.

Watu wataniambia: hata sisi wa cobalt tunauzisha kwa bei ya wengine. Ni kweli, lakini angalieni. Mu mwezi wa pili 2025 Serikali yetu ilifunga cobalt isitoke, na mu mwezi wa kumi ikaweka kota. Bei ikapanda, juu sehemu kubwa ya cobalt ya dunia inatoka huku. (Kama ile bei imefika kwa mufanyakazi wa mugodi, hiyo ni habari ingine, tutaizungumuza.) Muchoraji mumoja akifunga ordinatere yake, nani atajua?

Kwa hiyo, mbele ya kulipa masomo, kijana aulize. Unauzisha picha muzima, ao unatoa lisansi tu? Muteja anaweza kuitia mu programu yake na kuiuzisha mara elfu, bila kukulipa tena? Fishie ya mwanzo inabaki kwako? Wakibadilisha sehemu yao, wanakujulisha siku ngapi mbele? Mimi naona heri kuchorea kampuni moja kwa kontra kuliko kungoja bahati kwa soko ya watu wasiojulikana. Na wachoraji watano wa muji mumoja wakikubaliana bei ya chini kabisa, ile tayari ni mwanzo wa sendika.

Mwenye iko na kontra ya Kingereza mukononi na hajaisaini bado, ailete kwetu siku ya posho asubui. Tuko na mutu wa kuisoma.