Saini ya rubani siyo hisa, jamani!

Kule Uingereza kuna watu wanakusanya picha za kuchora za ndege za vita kama Spitfire, zile zinazochapwa nakala chache na kusainiwa kwa penseli na marubani wenyewe. Hapo safi kabisa. Tatizo ni hawa wanaonunua, wanafungia kabatini, halafu wanasubiri babu wa watu afe ili bei ipande. Huo ni uungwana kweli?

John Hemingway, rubani wa mwisho aliyejulikana kuwa hai kati ya waliolinda anga la Uingereza mwaka 1940, alifariki Machi 2025 akiwa na miaka 105. Vita nzima alitunguliwa mara nne na bado akarudi hewani. Mtu kama huyo unamgeuzaje dili?

Halafu kuna picha zenye saini za Mwingereza na Mjerumani pamoja. Walikuwa wanawindana angani, uzeeni wakasaini karatasi moja. Hiyo ndiyo thamani yenyewe, siyo mkwanja wa mnadani.

Mwenye nayo aitundike ukutani, mbali na jua lisifute wino, na mgeni akiuliza "huyu nani?" awe na jibu. Au nyie wadau mnaonaje?