Mkristo hahitimu

Katika makanisa mengi ya Kasongo na Kabambare, mafundisho ya dini yameachiwa watoto. Mtoto hukaa kwa katekista, akabatizwa, akala komunyo, akapewa kipaimara. Baada ya hapo hatuulizani tena imani yake imefika wapi, mpaka siku ya ndoa au ya mazishi. Kwa waliookoka nako hali haipishani sana: tarehe ya kuokoka husimuliwa mwaka hata mwaka, lakini yaliyofuata hayana msimulizi. Tumeugeuza ukristo kuwa shule yenye cheti, na aliyekwisha kupata cheti haoni sababu ya kurudi darasani. Mimi nasema Mkristo hahitimu. Na anayekua hatambulikani kwa miaka aliyokaa kanisani wala kwa urefu wa sala zake, bali kwa jinsi dhamiri yake inavyozidi kuguswa na mateso ya jirani, hata jirani huyo akiwa wa dini nyingine na kabila lingine.

Ushahidi uko kwetu hapa hapa. David Livingstone, aliyewekewa mikono kuwa mmisionari mwaka 1840, alikwama Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, kwanza kwa sababu ya vidonda vya miguu. Mwishoni mwa Machi akafika Nyangwe. Aliandika kwamba muda aliokaa Manyema, nchi yetu hii, aliisoma Biblia nzima mara nne. Alikuwa anakaribia miaka 60, na kitabu hicho alikuwa amekihubiri kwa miongo mitatu. Lakini kusoma tu hakuthibitishi kukua. Siku zile zile alikuwa akisaidiwa na wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na alipougua aliuguzwa na mmoja wao, Mohamad Bogharib. Biashara yao aliichukia, huku riziki yake ikipitia mikononi mwao.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa msafara wa Dugumbe, mmoja wa wafanyabiashara hao wa Kiarabu, walifyatua bunduki katika soko la Nyangwe, ambamo wengi walikuwa wanawake waliokuja na bidhaa zao, wengine wakivuka mto Lualaba kwa mitumbwi. Waarabu wenyewe walikisia kwamba waliopigwa risasi na waliozama walikuwa kati ya 330 na 400. Baada ya siku hiyo Livingstone hakuweza tena kuandamana na watu hao. Aliuacha mto aliokuwa ameufuata kwa miaka, akarudi Ujiji akiwa mgonjwa. Barua zake kuhusu mauaji hayo zilipofika Uingereza mwaka 1872 ziliongeza shinikizo lililomfanya Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Na tarehe 19 Machi 1872, alipotimiza miaka 59, aliandika kwamba anajitoa upya kwa Yesu, yeye mzima. Aliyejitoa ujanani aliona bado ana cha kutoa.

Wapo watakaosema kwamba huyu ni mzungu, na kwamba nyayo zake zilifuatwa na ukoloni. Ni kweli. Tena mwaka 2011 watafiti walioipiga picha shajara yake kwa mwanga maalumu walionyesha kwamba aliyoyaandika Nyangwe hayalingani kila mahali na kitabu kilichochapishwa baada ya kifo chake. Mimi simleti kama mtakatifu. Namleta kwa sababu alikuwa na kasoro, na mwenye kasoro ndiye anayehitaji kukua. Anayetaka mfano wa damu yetu, jirani na Kabambare yuko Padri Albert Joubert, mwana wa Agnes Atakaye. Alipata upadri mwaka 1935, akauawa Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri huko Uvira mnamo Agosti 2024. Karibu miaka 30 baada ya kuwekewa mikono, imani yake ilikuwa bado inamdai.

Wengine watasema wokovu ni neema, hauongezwi kwa jitihada. Nakubali kwamba ni zawadi. Lakini Paulo aliyeihubiri neema hiyo ndiye aliyewaandikia Wafilipi, akiwa kifungoni, kwamba hajafika, bado anakaza mwendo. Na wako wanaouliza mama anayelima kwa hofu ya watu wenye silaha atapata wapi nafasi ya kukua kiroho. Swali hili ni zito zaidi, lakini linadhani kwamba kukua kunataka muda wa ziada. Kunataka ukweli katika muda uliopo: katika bei anayotaja sokoni, katika namna anavyompokea mkimbizi, katika anavyomtaja jirani Mwislamu asipokuwepo. Jirani huyo hufunga Ramadhani kila mwaka mpaka uzeeni, wala hasemi alikwisha kufunga utotoni.

Maaskofu wa Kongo walipochagua jumuiya hai mwaka 1961, walitaka imani iishi pale watu wanapoishi. Basi shirika, ndiyo jumuiya hai yetu, lisikutane kwa ajili ya michango na rozari tu. Watu wazima, wazee wakiwa wa kwanza, waulizwe kila mwezi: ni uovu gani tuliuzoea mwaka jana ambao mwaka huu tumeukataa? Shirika lisilo na jibu lirudi kwa katekista, likakae na watoto.