KOFIA YA KAZI SI ZAWADI YA TAJIRI



Matawi yetu yametuletea malalamiko mengi juu ya jambo ambalo wengine hulicheka, wakisema ni dogo likiwekwa kando ya mshahara na nyumba. Jambo lenyewe ni kofia ngumu ya kazi, ile helmeti. Sisi hatulioni kuwa dogo. Mshahara hulipwa mtu mwenye kichwa kizima, na aliyepasuliwa fuvu na jiwe hana haja tena ya nyongeza ya shilingi.

Tufanye hesabu kwanza. Spana ya kilo moja ikimponyoka fundi aliye juu ya jukwaa la mita 10, yaani kama orofa ya tatu, huchukua sekunde moja na nusu hivi kufika chini. Ikifika, mwendo wake ni kama kilomita 50 kwa saa. Hakuna mtu awezaye kupiga kelele, na mwenzake akasikia, akafahamu, akaruka kando, kwa muda huo. Basi yule mnyapara apendaye kusema kwamba mtu mwangalifu hahitaji kofia, na asimame yeye pale chini awe mwangalifu.

Wazee wetu walipoona helmeti mara ya kwanza katika nchi hii, haikuwa juu ya kichwa cha mfanya kazi. Ilikuwa juu ya kichwa cha Bwana D.C. na cha mlowezi. Ilikuwa kofia nyeupe au ya rangi ya kaki, nyepesi, iliyotengenezwa kwa uboho wa mmea wa kule India, na kazi yake ilikuwa kuzuia jua. Wazungu wa siku zile waliamini kabisa kwamba jua la Afrika hupenya fuvu na kuharibu ubongo, hata watoto wao walikatazwa kutoka nje bila kofia hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili imani hiyo ilififia, na askari wengi wakavaa kofia laini tu wasipatwe na neno. Lakini katika miaka yote hiyo ambapo ubongo wa bwana ulilindwa dhidi ya jua, mtu aliyevunja kokoto na kulaza reli tangu asubuhi hadi jioni alikuwa kichwa wazi. Hapakuwa na daktari aliyeandika kitabu juu ya ubongo wake. Twalikumbusha jambo hili kwa sababu tabia ile haijaisha. Hata leo mgeni wa heshima akija kutazama jengo hupewa kofia mpya inayong'aa, naye hukaa pale dakika 20, huku kibarua abebaye mawe chini ya kreni akitazama.

Kofia ya mfanya kazi ilizaliwa mahali pengine. Wachimba madini wa Cornwall huko Uingereza walikuwa na kofia ya sufu iliyogandishwa ikawa ngumu, na mbele yake walibandika donge la udongo ili kusimamisha mshumaa. Ile ilikuwa kofia na taa pamoja. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1915 Wafaransa na Waingereza waliwapa askari wao kofia za chuma, kwa kuwa vipande vya mizinga vilikuwa vikiwaua kwa kuwapiga kichwani. Mmarekani mmoja, Edward Bullard, alirudi kutoka vita hivyo akamkuta baba yake kule San Francisco akiwauzia wachimba madini vifaa vyao. Akafikiri kwamba lililomfaa askari litamfaa na mchimbaji. Mwaka 1919 akatoa kofia ya turubai iliyopikwa kwa mvuke, ikapakwa gundi na rangi nyeusi. Baadaye zikaja za aluminiamu, kisha za plastiki kama tunazozijua.

Lakini tusidhani kwamba kofia ilipopatikana tu matajiri wote walikimbia kuinunua. Mwaka 1931 kazi ya kujenga bwawa la Hoover ilianza juu ya mto Colorado huko Marekani. Watu walining'inia kwa kamba kwenye majabali wakiyagonga mawe yaliyolegea, na mawe yakawaangukia waliokuwa chini. Kofia za kiwanda zilikuwako tangu miaka 12, lakini wao hawakupewa. Wakafanyaje? Walichukua kofia zao za kitambaa, wakazichovya katika lami, wakaziacha zikauke mpaka zikawa ngumu. Imeandikwa kwamba watu walipigwa na mawe hata taya zikavunjika, lakini fuvu likabaki zima. Baada ya kuona hivyo ndipo makontrakta walipoagiza kofia za kiwanda kwa ajili ya kila mtu. Angalieni ni nani aliyetangulia. Watu wa kamba ndio waliotangulia, na tajiri akafuata nyuma.

Miaka michache baadaye, 1933, daraja la Golden Gate lilianza kujengwa San Francisco. Hapo injinia mkuu, Joseph Strauss, aliwalazimisha watu kuvaa kofia hizo tangu mwanzo. Tena hakuishia kwenye kofia. Alitandaza wavu mkubwa chini ya daraja, ambao gharama yake ilizidi dola 130,000, na wavu ule ukadaka watu 19 ambao wangekufa majini. Tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito lilianguka, likapasua wavu, watu 10 wakafa. Pamoja na mmoja aliyekufa kabla yao wakawa 11. Idadi hiyo si ya kufurahia, lakini bila wavu ingekuwa 30. Sisi twaupenda mfano huu kuliko mingine yote, kwa kuwa unamziba mdomo mwajiri wa aina fulani, yule agawaye kofia asubuhi kisha akadhani amemaliza kazi yake. Kofia haimzuii mtu kuanguka. Haizuii ukuta uliojengwa kwa saruji haba. Kofia ni ya mwisho, baada ya jukwaa imara, ubao wa pembeni unaozuia vitu visidondoke, na kamba ya kreni iliyokaguliwa.

Kuna na habari ya pikipiki, ambayo yatufaa kwa sababu nyingine. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, askari Mwingereza aliyejulikana sana, alianguka kwa pikipiki bila helmeti, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomwangalia aliitwa Hugh Cairns. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, daktari huyo alihesabu ajali za wapanda pikipiki wa jeshi na majeraha ya vichwa vyao, akaandika matokeo mwaka 1941, na mwaka ule ule jeshi la Uingereza likaamuru kila mpanda pikipiki wake avae helmeti. Raia wa Uingereza hawakuwekewa sheria hiyo mpaka 1973. Kwa nini askari alipewa miaka 32 mbele? Kwa sababu jeshi lilimhesabu. Aliyekuwa akifa bila kuhesabiwa alingoja. Ndiyo maana tunawasumbua makarani wa matawi juu ya daftari la ajali, na tutaendelea kuwasumbua.

Sasa tuseme ya kwetu. Katika jengo moja mjini, ambalo hatulitaji kwa kuwa shauri lake bado liko mezani, kibarua afikapo langoni huambiwa hapana kuingia bila kofia. Amri nzuri hiyo. Lakini pale pale langoni yuko mtu mwenye rundo la kofia, naye huzikodisha kwa siku. Mwenye shilingi huivaa na kuirudisha jioni ikiwa na jasho lake, kesho avae mwingine. Asiye na shilingi hurudi nyumbani bila kazi, au hungoja mlinzi ageuke apenye kichwa wazi. Hiyo si kinga. Ni kodi ya kuingia kazini, na mtu hutozwa ili apate ruhusa ya kumjengea mwingine nyumba.

Wakubwa wakiulizwa hujibu kwamba sheria imewaruhusu. Haikuwaruhusu. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, limesema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanya kazi kitu chochote. Mkataba namba 167 wa mwaka 1988, ulio wa kazi za ujenzi hasa, wasema vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri bure. Hapa Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kifungu cha 101 chamlazimu mwajiri atoe na atunze mavazi ya kujikinga, na kofia zimetajwa humo. Lakini ndugu, someni kifungu hicho kwa makini. Maneno yake yamefuata yale ya sheria ya viwanda ya wakati wa ukoloni, nayo yazungumza juu ya mfanya kazi aliye katika maji au katika vitu vyenye kudhuru. Wakili mwerevu aweza kusimama na kusema kwamba tofali lianguakalo si maji wala si sumu. Sisi twaona wajibu wa jumla wa mwajiri katika sheria ile ile unatosha kumshinda wakili huyo, lakini kwa nini tungoje mahakama? Neno likiandikwa katika mkataba wetu na waajiri, halina mlango wa nyuma.

Na sisi wenyewe tusikwepe. Sheria hiyo humlazimu mfanya kazi naye avae kile alichopewa. Tunawajua wenzetu wanaoitumia kofia kama kiti wakati wa chai, au kuchotea maji, au kupimia mchanga. Wengine huipaka rangi ya timu yao, na rangi nyingine zina dawa inayolainisha plastiki. Lakini kosa kubwa ni la kutojua jinsi kofia inavyofanya kazi. Watu hudhani nguvu iko katika lile ganda la nje. Ganda hutawanya pigo tu. Anayelipokea pigo ni ile mikanda ya ndani, inayoshika kichwa na kuacha nafasi ya kama sentimita tatu kati ya fuvu na ganda. Mikanda hunyumbuka, na katika kunyumbuka huko pigo hupungua. Mtu akiikata kwa sababu inamwasha, amebaki na bakuli. Akiweka sigara au simu katika ile nafasi, ameweka jiwe kati ya kichwa na pigo. Kofia iliyopigwa vizuri mara moja haifai tena, hata kama hauonekani ufa, na ile iliyoachwa juani miaka mingi huwa kavu ikakatika kama biskuti. Watengenezaji wengi hushauri mikanda ibadilishwe kila mwaka, na ganda lisipite miaka mitano. Kofia ya aluminiamu, kama iko bado mahali, asipewe fundi wa umeme. Tena helmeti ya jengo si ya pikipiki. Ile ya pikipiki ina tabaka la povu ndani, linalobonyea mara moja tu kukiokoa kichwa, nayo hufunika pande zote. Tumewaona vijana wa boda boda wamevaa kofia za ujenzi ili polisi asiwasimamishe. Polisi huenda akaridhika, lakini lami haitaridhika.

Kuna malalamiko mawili ambayo twayakubali. La kwanza ni joto. Kule Mombasa, saa nane mchana juu ya bati, kofia ni tanuri, na anayesema si kitu hajavaa. Ziko kofia zenye matundu ya hewa na kitambaa cha kunyonya jasho, bei yake ni juu kidogo, na twataka hizo ndizo zinunuliwe, ila kwa mafundi wa umeme, ambao matundu hayawafai. La pili ni la mama zetu wanaobeba karai la mchanga kichwani. Haiwezekani kubeba karai juu ya kofia ngumu. Waajiri hutumia neno hilo kuwaacha bila kofia. Sisi twasema jawabu ni kuondoa karai. Toroli haina bei ya kumfilisi mtu.

Ndugu mmoja ameuliza juu ya mafundi wetu Singasinga, ambao dini yao huwataka wavae kilemba. Uingereza mwaka 1989 iliwaruhusu kufanya kazi za ujenzi kwa vilemba vyao. Kilemba si kigumu kama plastiki, na hatutamwambia mtu kwamba ni sawa. Lakini Makhan Singh, mmoja wa waanzilishi wa umoja wa wafanya kazi katika nchi hii tangu 1935, aliyefungiwa mbali tangu 1950 hadi 1961 kwa ajili ya msimamo wake, alikuwa mtu wa kilemba. Chama hiki hakitamfukuza fundi kazini kwa sababu hiyo. Apewe kazi mahali ambapo vitu havidondoki.

Katika mazungumzo ya mkataba ujao twataka iandikwe kwamba kofia ni ya bure, kila mtu ya kwake, kibarua wa siku moja sawasawa na mwajiriwa wa mwezi, na kwamba hakuna kukatwa mshahara ikivunjika kazini. Tarehe ya kutolewa iandikwe ndani yake kwa kibandiko. Kamati ya usalama, ambayo sheria huitaka kila mahali penye watu 20 au zaidi, iwe na haki ya kuikataa kofia mbovu bila kungoja mnyapara. Na yale mengine, ubao wa jukwaa na wavu, yawekwe katika ukurasa ule ule, asije mtu akatupa kofia na kuondoka.

Kabla ya mkutano wa wajumbe, kila karani wa tawi atuletee hesabu ya mahali pake, idadi ya watu upande mmoja wa karatasi na idadi ya kofia nzima upande wa pili. Vibarua wahesabiwe pia, na zile za kukodisha langoni zisihesabiwe.